Giaboksi Inayoteleza: Gari la Oto Lilivyoingia Kibaha na Kisarawe

Barabara ya kutoka Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kwenda Kisarawe haina mlima wa kutisha. Vilima vya Pugu havifiki hata mita 400 juu ya usawa wa bahari, na lori la zamani lenye dereva mzoefu huvipanda bila papara. Lakini gari dogo la oto, linalobadili gia lenyewe, lililokwisha kutembea kilomita laki mbili na ushee likifika hapo, ugonjwa wake hutoka nje. Dereva anakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, injini inanguruma, gari halisongi. Baada ya sekunde mbili tatu gia inashika kwa kishindo na abiria wanatikisika. Fundi wa Kisarawe au wa Maili Moja, Kibaha, akielezwa hivyo hangoji boneti ifunguliwe. Atasema giaboksi inaslipu, yaani inateleza.

Miaka arobaini iliyopita mafundi wengi wa Mkoa wa Pwani hawakuwahi kukutana na ugonjwa huo. Magari yao yaliharibika, tena mara nyingi mno, lakini yaliharibika kwa njia walizozijua tangu wakiwa wanagenzi. Giaboksi ya oto iliwafikia baadaye, ndani ya magari yaliyokwisha tumiwa na watu wengine kwa miaka mingi, bila kitabu cha maelekezo wanachoweza kukisoma na bila chuo cha kuwatangulizia somo. Waliijifunza wakiwa wameifungua mezani, mali ya mteja, na mteja amesimama pembeni anasubiri.

Jambo hilo linashangaza zaidi mtu akikumbuka Kibaha ilikuwa nini. Mji huo, kilomita kama 40 magharibi ya Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro, haukuanza kujuana na magari chini ya mikorosho. Tangu miaka ya 1960 nchi za Nordiki zilikuwa zimejenga hapo kituo kikubwa cha elimu, afya na kilimo, ambacho Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970 na leo kinajulikana kama Shirika la Elimu Kibaha. Kisha vikaja viwanda. TAMCO iliunganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyotoka Uswidi. Jirani yake yaliunganishwa matrekta ya Valmet ya Ufini. Na upande mwingine wa mji likasimama shirika lililobeba ndoto kubwa kuliko zote, Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi. Katika miaka ya 1980 wahandisi na mafundi wa Nyumbu walibuni na kuunda lori la Kitanzania lenye jina hilohilo, wakiwa na karakana yao ya kuyeyusha na kumimina vyuma. Nchi chache za Afrika zilithubutu kujaribu jambo kama hilo.

Scania, Valmet na malori ya jeshi ya wakati huo yalikuwa na tabia moja: klachi ya kukanyaga na gia ya kupanga kwa mkono. Vivyo hivyo Land Rover za maofisa, Bedford na Leyland za mizigo, Peugeot 404 na 504, Datsun na Volkswagen za wachache waliojaliwa. Ufundi uliokua Kibaha, Mlandizi na Kisarawe ulikua juu ya msingi huo. Klachi pleti ikiisha, inatolewa na kuwekwa nyingine, au ile ile inapigiwa kitambaa kipya kwa ribiti. Gia ikikatika jino, fundi anaiona kwa macho, anaishika, anaipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kuchongewa mfano wake. Gari likikataa kuwaka, vijana watano wanalisukuma, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, linawaka. Kila kosa lilikuwa na sura, na karibu kila kosa lilikuwa na dawa inayopatikana ndani ya nchi.

Ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na zaidi baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kukausha hazina ya fedha za kigeni, kuagiza gari binafsi kulikuwa jambo la vibali na subira. Kipindi kimoja magari binafsi yalizuiwa hata kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Gari lililopo lilitunzwa, likarekebishwa, likarithiwa. Fundi aliyeweza kulifufua alikuwa mtu mzito mtaani.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984. Katika bajeti ya mwaka huo, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa zilikotoka. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu, na mwaka 1986 nchi ikaanza mpango wa kufufua uchumi uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu wakampa Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Mitumba ya nguo ikaingia, na mitumba ya magari ikafuata. Wakati huohuo viwanda vya Kibaha vikaanza kupungukiwa pumzi. Malori yaliyounganishwa nyumbani hayakuweza kushindana na yaliyotumika nje na kuuzwa kwa bei ya chini, na baadaye eneo la TAMCO likageuka kuwa eneo la viwanda mchanganyiko chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo. 

Hapo ndipo Japani inapoingia katika habari za Kisarawe.

Giaboksi ya oto haikuzaliwa Japani. General Motors ya Marekani ndiyo iliyoiuza kwanza kwa wingi, ikaiita Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ila Wajapani waliichukua wakaifanya ndogo, ya kudumu na ya bei nafuu. Mwaka 1969 Aisin, kampuni ya familia ya Toyota, iliungana na BorgWarner ya Marekani kuunda Aisin-Warner, na mwaka 1970 Nissan na Mazda pamoja na Ford wakaunda Jatco. Kampuni hizo mbili, ambazo majina yao hayamo kwenye mabango ya wauza magari wa Dar es Salaam, ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa ya giaboksi zinazofunguliwa leo katika gereji za Maili Moja.

Kisha mwaka 1991 ikatoka sheria ndogo ambayo hakuna aliyedhani ingemgusa mtu wa Maneromango, Kisarawe. Japani ilianzisha leseni ya udereva ya gari la oto peke yake, isiyomtaka mwanafunzi ajue klachi. Vijana na wanawake wengi wakaichagua. Kadiri miaka ilivyosonga, gari la manyuo, lenye klachi na gia ya mkono, likawa nadra katika barabara za Tokyo na Osaka. Na kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama Watanzania, na ukaguzi wa lazima wa gari nchini mwao huzidi kuwa mzigo kwa mwenye gari linalozeeka, magari yao ya miaka minane, kumi au kumi na miwili yakawa yanasaka bandari ya kwenda. Dar es Salaam ikawa mojawapo. Mtanzania wa miaka ya 2000 aliyetaka Corolla au Mark II hakuchagua oto; alinunua gari lililokuwepo, na lililokuwepo lilikuwa oto.

Mkondo huo ulipanuka namba za usajili zinazoanza na T zilipoanza na biashara ilipohamia mitandaoni. Be Forward ya Japani ilianza mwaka 2004, na haikuchukua muda mwalimu wa Minaki au mfanyabiashara wa Mlandizi akawa anachagua gari lake kwenye skrini ya simu, akilipa benki na kulisubiri meli. Carina na Corona zikafuatwa na Spacio, Noah, Vitz, RAV4, na hatimaye IST, ambayo imeenea kiasi kwamba mtu anaweza kusimama Picha ya Ndege, Kibaha, nusu saa asimalize kuzihesabu. Watu wakaanza kuyapima magari kwa herufi inayofuata tarakimu za namba. Gari namba A ni mzee, namba D lina nafuu, namba E ni jipya. Ni kipimo cha kupotosha, kwa sababu namba D inaweza kukaa juu ya gari lililotembea kilomita laki moja na hamsini Japani kabla halijaona bandari. Serikali nayo ilijaribu kupunguza uzee kwa ushuru: gari dogo la miaka minane hadi kumi hutozwa nyongeza ya asilimia 15, na la zaidi ya miaka kumi asilimia 30. Ushuru huo umepandisha bei, lakini haukubadili ukweli kwamba giaboksi hufika hapa ikiwa imekwisha ishi nusu ya maisha yake au zaidi.

Je, ndani yake kuna nini hasa kinachoteleza?

Katika gari la manyuo, injini hushikana na magurudumu kwa pleti moja kavu ambayo mguu wa dereva huibana na kuiachia. Katika oto hakuna pleti hiyo. Mahali pake pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Upande mmoja huzungushwa na injini, ukaisukuma oili, na oili ikausukuma upande wa pili. Nyuma yake ziko gia za sayari, seti ndogo zinazozungukana, na kuzifunga au kuziachia kunafanywa na mafungu ya pleti nyembamba zilizovishwa kitambaa cha msuguano na kulowekwa ndani ya oili. Mkono unaozibana pleti hizo ni shinikizo la oili inayosukumwa na pampu. Oili, kwa hiyo, ni nguvu, ni klachi, ni kipoozi na ni kilainisho kwa wakati mmoja. Ikipungua, ikichoka au ikivujia mahali pasipotakiwa, pleti hazibanwi sawasawa. Zinasuguana badala ya kushikana. Zinapata moto, kitambaa kinababuka, vumbi lake linaingia kwenye oili, oili inazidi kuchoka. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Joto ndilo adui mkubwa. Oili hii hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi, na kanuni ya mafundi wa dunia nzima ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 hivi, umri wa oili hupungua karibu nusu. Ndiyo maana Kibaha na Kisarawe, ingawa ni jirani, huua giaboksi kwa njia mbili tofauti. Kibaha ilizichemsha kwa foleni. Kwa miaka mingi kipande cha Kimara hadi Kibaha kilikuwa cha kusogea na kusimama nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, konveta ikizalisha joto saa nzima bila upepo wa kupooza rediota. Upanuzi wa kilomita 19.2 za kipande hicho kuwa njia nane, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2018, umezipunguzia giaboksi mateso kuliko oili yoyote ya bei ghali. Kisarawe huziua kwa mchanga, matope na mpando. Noah iliyojaza watu na magunia ya mkaa au korosho ikiingia njia za vumbi kuelekea Maneromango na vijiji vya ndani, gia inapanda na kushuka bila kutulia, na kila kubadilika ni msuguano mwingine.

Mafundi waliyakabili haya kwa akili na ujasiri, na haifai kuusahau ujasiri huo. Wengi walifanya kazi katika gereji bubu, chini ya mkorosho, wakipanga pleti na pete juu ya gunia safi kwa mpangilio zilivyotoka ili wazirudishe bila kukosea. Walijifunza kwa pua na vidole. Oili nzima ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Iliyochoka ni ya kahawia. Iliyoungua ni nyeusi na inanuka kama kitu kilichounguzwa. Waligundua kwamba gari la oto halisukumwi likawaka, kwa kuwa pampu ya oili inazungushwa na injini na bila injini hakuna shinikizo la kubana gia. Baadhi ya oto za zamani za Marekani zilikuwa na pampu ya pili ya nyuma iliyoruhusu jambo hilo, lakini iliachwa katika miaka ya 1960. Waligundua pia, kwa hasara ya wateja, kwamba kulivuta kwa kamba umbali mrefu gari ambalo magurudumu yake ya kuendeshea yako chini ni kuikausha giaboksi ikiwa inazunguka.

Pamoja na ujuzi huo zikakua imani zinazoumiza. Iliyoenea kuliko zote ni kwamba oili ya giaboksi ya gari lililotembea sana isiguswe, kwa sababu ukiibadilisha giaboksi inakufa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Pleti zikiwa zimekwisha kabisa, vumbi la kitambaa linaloelea kwenye oili chafu huzisaidia kushikana kidogo. Ukileta oili safi, msaada huo unaondoka na gari linakataa kutembea. Lakini giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha kufa kabla fundi hajaigusa boliti. Iliyobaki na uhai hufaidika na oili mpya, hasa ikibadilishwa kwa hatua. Katika Toyota ndogo, kufungua boliti ya chini hutoa takriban lita 3 tu, nyingine hubaki ndani ya konveta. Fundi makini humwaga, hujaza, humruhusu mteja aende, kisha hurudia baada ya siku kadhaa. Kuisukuma yote kwa mashine katika gari kongwe ni kuchokoza uchafu uliolala na kuupeleka kwenye vali.

Imani ya pili ni mbaya zaidi, kwamba oili ya giaboksi ni oili tu. Toyota za wakati wa Carina na Noah za mwanzo hazitumii oili inayotumika katika Nissan X-Trail ya mwaka 2008, kwa sababu X-Trail hiyo haina pleti na gia za sayari za kupanda hatua kwa hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, aina inayoitwa CVT, na oili yake imeundwa ili chuma kishike chuma bila kukwaruzana. Ukimimina oili ya oto ya kawaida humo, mkanda unateleza na puli zinachubuka ndani ya muda mfupi. Giaboksi nyingi za CVT zilizotupwa katika ukanda huu wa Pwani ziliuawa na kopo la oili lisilo lake, na wenye magari wakaamini kwamba wameuziwa gari bovu.

Giaboksi ikishindikana, kuna njia mbili. Moja ni kuifungua na kubadili pleti, sili na vali zilizochoka. Nyingine ni kununua ya mtumba, iliyotolewa katika gari lililokatwa Japani au Falme za Kiarabu, kutoka maduka ya Ilala na Kariakoo. Njia ya pili ndiyo iliyoshinda, na sababu ni ya kueleweka: ni ya siku moja, na fundi anaweza kutoa dhamana ya wiki mbili. Hata hivyo mteja ananunua giaboksi ambayo historia yake haijulikani, mara nyingi ya umri uleule wa ile aliyoitupa. Ufundi wa kufungua, ambao kizazi cha miaka ya 1990 kiliujenga kwa taabu, unapotea polepole kwa kuwa haulipi. Hapa ndipo Kibaha, mji uliowahi kujaribu kuunda lori zima, umepoteza kitu cha thamani.

Kuna kazi nyingi ambazo hazihitaji hata moja ya njia hizo. Kuteleza kunaweza kutokana na oili iliyopungua kwa sababu ya sili moja inayovuja, filta iliyoziba au solenoidi, vali ndogo ya umeme inayoamriwa na kompyuta, iliyokwama. Taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, gia ya juu) ikianza kumetameta yenyewe kwenye Toyota, kompyuta inaripoti kosa. Mashine ya kupimia ikionyesha msimbo P0730, maana yake uwiano wa gia haulingani na mwendo. P0741 unaelekeza kwenye klachi ya ndani ya konveta. Misimbo hiyo haimwambii fundi kila kitu, lakini inamzuia kuishusha giaboksi nzima kwa kosa la kipuri kinachoshikika kiganjani. Naye dereva wa Kisarawe ana dawa ya bure. Akiuona mpando, abonyeze kitufe cha O/D kuizima gia hiyo ya juu au ashushe selekta kwenye 2, ili gia isihangaike kupanda na kushuka na pleti zisipate moto.

Kibaha haijaacha kujaribu. Katika eneo la TAMCO matrekta ya Ursus ya Polandi yaliunganishwa kwa mkataba wa Shirika la Taifa la Maendeleo, na malori ya FAW ya China huunganishwa na kampuni ya GF. Nyumbu bado ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake cha Pwani mjini Kibaha na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Huo ndio mlango ambao mafundi wa giaboksi wanauhitaji, ila haitoshi kuwapa cheti cha wanachokijua tayari. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziwatengee eneo lenye sakafu ya zege na shimo la kukusanyia oili chafu, badala ya kuimwaga kwenye mchanga unaopitisha maji ya visima. VETA Pwani na Nyumbu ziweke darasa la jioni la oto na CVT, lenye giaboksi za kufungua, mashine ya kupimia na maelekezo ya Aisin na Jatco yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mwalimu mmojawapo awe fundi wa chini ya mkorosho. Na mwenye gari asisubiri mpando wa Pugu: apime oili kwa stiki gari likiwa limepata moto, kwa utaratibu wa kitabu cha gari lake, na akiikuta ya kahawia alipeleke gari kwa fundi wiki hiyohiyo.